Mlinzi wa Urithi Asiwe na Mabwana Wawili

Jumapili ya tarehe 24 Mei 2020, katika nchi ya Pilbara iliyo kaskazini mwa jimbo la Australia Magharibi, baruti zililipuliwa kwenye korongo liitwalo Juukan, na mapango mawili ya kale yakaharibika. Mwenye baruti alikuwa kampuni ya Rio Tinto, iliyokuwa ikichimba mawe ya chuma. Katika pango moja kati ya hayo mawili wataalamu walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba binadamu alikuwa akiingia na kutoka humo tangu miaka 46,000 iliyopita. Piramidi za Misri, ambazo sisi huzitaja kila tunapotaka kusema kwamba jambo fulani ni la kale, hazijafikisha miaka 5,000.

Waaborijini wenye ardhi hiyo, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, waliomba siku chache kabla ya hapo waruhusiwe kwenda kulizuru korongo lao. Ndipo walipopata habari kwamba mashimo yamekwisha kuchimbwa na baruti zimekwisha kutiwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo, jambo linalostahili kufikiriwa na msomaji wetu si mlipuko peke yake. Ni kwamba, kwa mujibu wa sheria ya jimbo hilo, hapakuwa na kosa. Idhini ya kuharibu mapango hayo ilikuwa imetolewa na Serikali ya jimbo mwaka 2013, chini ya Kifungu cha 18 cha Sheria ya Urithi wa Waaborijini ya mwaka 1972. Ombi lilipelekwa ofisini, likapita mikononi mwa wakubwa waliowekwa kuulinda urithi, na idhini ikatiwa sahihi. Kila mlango ulikuwa na bawabu wake, na kila bawabu alifungua.

Mtu yeyote anayetaka kumwajiri mlinzi wa nyumba yake humwuliza maswali mawili. La kwanza, je, unakijua unachokilinda? La pili, je, kuna mwingine anayekulipa? Kwa maoni yetu, maswali hayo mawili hayakuulizwa vya kutosha kwa wakubwa waliokabidhiwa urithi wa Waaborijini, na pale yalipoulizwa, majibu yake hayakufuatwa. Tena tunaamini kwamba maswali hayo ni ndugu. Mlinzi asiyekijua anachokilinda hulazimika kumtegemea mwingine amweleze thamani yake, na mara nyingi huyo mwingine ndiye anayetaka kukichukua.

Wataalamu waliponyang'anywa kalamu

Yafaa ikumbukwe kwamba Sheria ya mwaka 1972 haikuanza vibaya. Ilipotungwa, madaraka ya kutoa au kunyima idhini yalikuwa mikononi mwa Wadhamini wa Jumba la Makumbusho la Australia Magharibi, yaani watu ambao kazi yao ilikuwa kuhifadhi vitu vya kale, si kuchimba wala kuuza madini. Hawakuwa Waaborijini, na hilo lilikuwa upungufu mkubwa, lakini angalau hawakuwa na sababu ya kufurahia shimo la madini.

Mwaka 1980 jambo hilo lilijaribiwa huko Noonkanbah, katika nchi ya Kimberley. Kampuni ya Amax ilitaka kutoboa kisima cha kutafuta mafuta mahali ambapo jamii ya Yungngora ilipaheshimu kuwa patakatifu. Wadhamini wa Makumbusho, baada ya kupata taarifa ya mtaalamu wao, hawakutaka kutoa idhini. Waziri akawaamuru waitoe. Serikali ya Waziri Mkuu wa jimbo, Bw. Charles Court, ikapeleka msafara mrefu wa malori yaliyobeba mitambo, yakilindwa na polisi, huku wenyeji wakikaa barabarani kuyazuia. Kisima kilitobolewa. Mafuta hayakupatikana.

Lakini Serikali ilipata fundisho lake, nalo halikuwa fundisho tunaloweza kulisifu. Mwaka huo huo wa 1980 sheria ilibadilishwa. Madaraka ya kutoa idhini yakaondolewa kwa Wadhamini na kukabidhiwa Waziri. Kamati ya kuchunguza mambo ya urithi ikabaki kuwa ya kushauri tu. Kwa maneno mengine, ilipoonekana kwamba mtu anayejua anaweza kusema hapana, hakushawishiwa kwa hoja, alinyang'anywa kalamu.

Tangu wakati huo mwenye neno la mwisho akawa ni mtu wa siasa ambaye sheria haikumdai awe na ujuzi wowote wa urithi, na ambaye Serikali yake inapata mrabaha kutokana na kila shehena ya chuma inayopakiwa bandarini. Hatusemi kwamba kila waziri aliyekalia kiti hicho alikuwa mtu mbaya. Tunasema kwamba kiti chenyewe kimechongwa kwa namna ambayo hata mtu mwema akikikalia humwinamisha upande mmoja.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu. Katika muda wa miaka 10 iliyoanzia Julai 2010, maombi zaidi ya 460 ya kuathiri sehemu za urithi yaliletwa kuhusu ardhi zenye leseni za madini katika jimbo hilo. Lililokataliwa ni moja tu. Hakimu anayewaachilia huru washitakiwa wote waliofikishwa mbele yake isipokuwa mmoja, watu wangeuliza juu yake. Mlango unaofunguka kila unapobishwa, huo si mlango.

Ujuzi ni wa aina gani?

Sasa tuligeukie swali la kwanza, la ujuzi. Ni rahisi kusema kwamba wakubwa wa urithi lazima wawe na sifa. Ni vigumu zaidi kusema sifa zenyewe ni zipi.

Sheria ile ya mwaka 1972 ilitaka kamati iwe na mjumbe mmoja mwenye uzoefu wa elimu ya anthropolojia inayohusu Waaborijini. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini sheria hiyo hiyo haikulazimisha kwamba ndani ya kamati awemo Mwaborijini hata mmoja. Mtu aliyesoma vitabu juu ya wenyeji alitengewa kiti. Mwenyeji mwenyewe, aliyefundishwa na bibi yake jina la kila mlima na wimbo wa kila kisima, aliingia ikiwa tu mwenye kuteua atapenda. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa aliyekilalia kitanda kwa miaka elfu nyingi hakuwa na haki ya kuulizwa habari za kunguni.

Madhara yake yalidhihirika katika bandari ya Port Hedland. Hapo pana mahali panapoitwa Marapikurrinya Yintha, panapohusishwa na imani za watu wa Kariyarra. Kamati ya urithi iliamua kwamba hapo si mahali patakatifu kwa maana ya sheria. Ilikuwa ikifuata mwongozo uliosema kwamba mahali hapawezi kuitwa patakatifu kwa sababu tu pana hadithi, wimbo au imani. Lazima pawe pametengwa kwa ajili ya ibada. Wenyeji wakaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya jimbo ikasema kwamba kamati ilikuwa imekosea katika kuielewa sheria. Ikabainika baadaye kwamba kuna sehemu nyingine zaidi ya 20 zilizokuwa zimeondolewa katika daftari la Serikali kwa mtazamo huo huo.

Hebu msomaji afikiri. Wakubwa hao walikuwa na ofisi, madaraka na mwongozo ulioandikwa. Walichokosa ni kujua kwamba kuna watu ambao kwao dini haikai ndani ya jengo. Mwaborijini haijengei imani yake kuta. Nchi yenyewe ndiyo kitabu chake, na wimbo ndio usomaji wake. Mtu asiyelijua hilo atapita katikati ya patakatifu pa watu akitafuta patakatifu, na atarudi ofisini aandike kwamba hakuona kitu.

Liko pia tukio la kisiwa cha Hindmarsh, kiitwacho Kumarangk na watu wa Ngarrindjeri, katika jimbo la Australia Kusini. Mwaka 1994 wanawake wa Ngarrindjeri walipinga kujengwa kwa daraja la kwenda kisiwani, wakisema kwamba kuna elimu ya wanawake inayohusu mahali hapo ambayo haipaswi kusikiwa na wanaume. Elimu hiyo iliandikwa na kutiwa katika bahasha zilizofungwa, zikaandikwa juu yake kwamba zisomwe na wanawake tu. Waziri wa Serikali ya Shirikisho, Bw. Robert Tickner, kwa heshima hakuzisoma. Alimpa mshauri wake wa kike, kisha akapiga marufuku ujenzi kwa miaka 25. Mahakama ikaivunja amri yake, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba waziri hakuusoma ushahidi yeye mwenyewe.

Huo ulikuwa mtego usio na mlango. Waziri akisoma, anaunajisi urithi anaotaka kuulinda. Asiposoma, sheria inasema hakutimiza wajibu wake. Baadaye, mwaka 1995, Tume ya Kifalme ilisema kwamba habari za wanawake hao zilitungwa. Lakini mwaka 2001 jaji wa Mahakama ya Shirikisho, John von Doussa, baada ya kusikiliza ushahidi katika kesi nyingine, alisema kwamba hakuridhika kuwa zilitungwa. Mwaka huo huo daraja lilikuwa limekwisha kufunguliwa. Fundisho tunalolipata ni hili: kuna ujuzi ambao hauwezi kupatikana kwa shahada wala kwa cheo. Kama sheria haikuweka kitini mtu anayestahili kuusikia, basi hakuna atakayeusikia.

Fedha na mdomo

Tuje kwenye swali la pili, la mgongano wa maslahi. Hapa hatuna budi kusema kwa uangalifu, kwa maana ni rahisi kumpaka mtu matope bila haki. Mgongano wa maslahi si sawa na wizi, wala si lazima uwe rushwa. Ni hali ya mtu kusimama mahali ambapo wajibu wake unamvuta huku na faida yake inamvuta kule. Mshika mbili, moja humponyoka.

Hali hiyo imejengwa ndani ya kazi yenyewe. Katika sehemu nyingi za Australia, mtaalamu anayekwenda kuchunguza ardhi na kuandika kama ina urithi au haina, huchaguliwa na kulipwa na yule yule anayetaka kuichimba au kuijenga. Wengi wa wataalamu hao ni watu waaminifu. Huko Juukan, kwa mfano, walifanya kazi yao vizuri. Walipochimba mwaka 2014 ili kuokoa kilichoweza kuokolewa, walipata maelfu ya vitu vya kale, pamoja na kipande cha mkanda uliosukwa kwa nywele za watu miaka 4,000 hivi iliyopita, ambao uchunguzi wa kisayansi uliuunganisha na Waaborijini wa nchi hiyo walio hai leo. Taarifa zao ziliisifu thamani ya pango hilo. Lakini taarifa hizo zilifika kwa aliyezilipia, na idhini ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka mmoja kabla. Sheria haikuwa na njia ya kuifungua tena kwa sababu ya habari mpya.

Ndani ya kampuni nako mambo hayakuwa tofauti. Ilidhihirika katika uchunguzi uliofanywa na Bunge la Shirikisho kwamba kampuni hiyo ilikuwa na njia 4 za kupanua mgodi wake, na kwamba 3 kati ya hizo zisingeyagusa mapango. Ilichagua ya 4, ili ipate tani milioni 8 zaidi za mawe ya chuma, zilizokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 135 za Australia. Kazi ya kuangalia mambo ya urithi ilikuwa imewekwa chini ya idara ya uhusiano, yaani idara ambayo kazi yake ni kuitengenezea kampuni jina zuri. Tunauliza, je, anayelipwa ili habari mbaya zisisikike atawezaje kuwa wa kwanza kuzipigia mbiu? Mkurugenzi Mkuu wa kampuni na wakubwa wenzake wawili waliondoka katika nyadhifa zao baada ya kelele za dunia. Mapango hayakurudi.

Wenyeji nao walikuwa wamefungwa mdomo. Mapatano waliyotiliana na kampuni yaliwaletea malipo, lakini yalikuwa na vifungu vilivyowabana wasipinge hadharani. Kamati ya Bunge, katika taarifa yake ya Desemba 2020 na ile ya mwisho ya Oktoba 2021, ilivilaumu vifungu vya namna hiyo. Mapatano yanayomlipa mwenye mali ili asiseme kwamba mali yake inaharibiwa si mapatano. Ni kununua ukimya.

Liko pia suala la wakubwa wanaotoka Serikalini na kwenda upande wa pili wa meza. Bw. Ben Wyatt, ambaye mwenyewe ni Mwaborijini, alikuwa Waziri wa Mambo ya Waaborijini wa Australia Magharibi tangu mwaka 2017, na aliacha siasa Machi 2021. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amekwisha kuteuliwa kuingia katika bodi ya Rio Tinto na katika bodi ya kampuni ya gesi ya Woodside, ambayo mitambo yake iko karibu na Murujuga penye michoro ya miambani zaidi ya milioni moja. Twasema wazi kwamba hatumtuhumu kwa lolote. Idhini ya mwaka 2013 haikutolewa naye, hakuvunja sheria, na wapo wanaosema kwamba ni heri katika bodi hizo awemo mtu anayezijua sauti za wenyeji. Huenda wanasema kweli.

Lakini swali letu si juu ya mtu mmoja, ni juu ya desturi. Kama mlango kati ya ofisi ya urithi na bodi ya kampuni uko wazi, basi kila mkubwa aliyeko ofisini leo anauona. Hata asipofikiria kuupita, wananchi watafikiri kwamba anaufikiria. Na mlinzi ambaye wananchi wanamshuku amekwisha kupoteza nusu ya ulinzi wake.

Nasaba si rushwa

Wako wanaosema: kama mnaogopa maslahi, mbona mnataka wenyeji wenyewe wakae katika kamati? Je, wao hawana maslahi katika ardhi ya mababu zao?

Hoja hii husemwa mara nyingi, na inafaa kujibiwa sawasawa. Kuna tofauti kubwa kati ya maslahi ya mtu anayetaka kitu kibaki na maslahi ya mtu atakayefaidika kikiondoka. Mtoto ana maslahi katika kaburi la baba yake, lakini hakuna mwenye akili anayesema kwamba kwa sababu hiyo hafai kulilinda. Nasaba ndiyo sifa yake. Kumtoa mwenyeji katika baraza kwa kisingizio kwamba ni mwenyeji ni sawa na kumkataza daktari asitibu kwa sababu anachukia maradhi.

Hata hivyo hatutaki kudanganyana. Wenyeji nao ni binadamu, na fedha hazibagui. Chama cha wenyeji kinachopokea mrabaha wa mgodi kinaweza kujikuta katika mvutano ule ule. Tena ziko nyakati ambapo wenyeji hawaafikiani ni nani mwenye haki ya kusema. Mwaka 2024, karibu na mji wa Blayney katika jimbo la New South Wales, Serikali ya Shirikisho ilizuia sehemu ya mradi wa mgodi wa dhahabu ili kulinda chimbuko la Mto Belubula. Kundi moja la watu wa Wiradyuri ndilo lililoomba ulinzi huo. Baraza la ardhi la Waaborijini la mji wa Orange likasema kwamba halina pingamizi na mradi. Mara pande zote zikaanza kuulizana, nani ni mwenyeji wa kweli?

Jawabu la mgogoro kama huo si kuwaondoa wenyeji wote na kumrudishia waziri kalamu. Jawabu ni kuwa na utaratibu unaojulikana mapema: nani anaiwakilisha nchi ipi, amechaguliwa na nani, anapokea nini kutoka kwa nani. Mwenye fungu lake katika mradi aliseme kabla ya mkutano kuanza, kisha atoke chumbani wakati wa kuamua. Kanuni hiyo imfunge mwenyeji, mtaalamu, mkurugenzi na waziri, wote kwa kipimo kimoja.

Mifano iliyopo

Si kweli kwamba jambo hili haliwezekani. Katika eneo la Northern Territory, sheria ya mwaka 1989 imeweka mamlaka maalumu ya kulinda mahali patakatifu. Bodi yake ina wajumbe 12, na 10 kati yao ni wenyeji walio walinzi wa mahali hapo, wanaopendekezwa na mabaraza ya ardhi, wanaume 5 na wanawake 5. Walioiweka idadi hiyo walijua kwamba kuna elimu ya wanaume na elimu ya wanawake. Mamlaka hayo yameonyesha pia kwamba yana meno: mwaka 2013 kampuni moja ya kuchimba manganizi ilitozwa faini ya dola 150,000 kwa kuharibu mahali patakatifu panapoitwa Wanawake Wawili Walioketi.

Katika jimbo la Victoria, Sheria ya Urithi ya mwaka 2006 imeweka baraza ambalo wajumbe wake wote ni wenyeji wa asili. Sheria hiyo inasema mshauri wa urithi awe na elimu inayohusika, kama akiolojia, anthropolojia au historia, au awe na uzoefu na maarifa makubwa ya urithi wa Waaborijini. Hapo shahada na maarifa ya wazee yamewekwa kwenye mizani moja. Bado mshauri hulipwa na mwenye mradi, na hilo tunaliona kuwa doa. Lakini taarifa yake haiishii kwa aliyemlipa, bali hupelekwa pia mbele ya wenyeji wanaotambuliwa na sheria.

Hata Australia Magharibi imepiga hatua, ingawa kwa kuyumba. Sheria mpya ya mwaka 2021 ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2023. Wakulima na wenye mashamba wakapiga kelele, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuifuta. Sheria ya kale ya mwaka 1972 ikarudishwa, safari hii ikiwa na marekebisho. Kamati ina Waaborijini wengi zaidi na wenyeviti wawili Waaborijini, mwanamume na mwanamke. Wenyeji wamepewa haki ya kukata rufani, haki ambayo awali ilikuwa ya mwenye ardhi au leseni peke yake. Habari mpya zikipatikana baada ya idhini, lazima zipelekwe kwa Waziri. Haya ni mazuri. Lakini kalamu ya mwisho ingali ile ile iliyohamishwa mwaka 1980.

Yanayopaswa kufanywa

Kwa maoni yetu, mambo matano hayana budi kufanywa. Kwanza, sheria itaje sifa za wakubwa wa urithi bila kuficha, na ihesabu maarifa ya wazee kuwa ni sifa kamili, si pambo. Pili, maslahi ya kila mwenye kuamua au kushauri yaandikwe katika daftari linaloweza kusomwa na mwananchi yeyote. Tatu, mkubwa anayetoka katika ofisi ya urithi akae miaka kadhaa kabla ya kupokea kiti au mshahara kwa kampuni ambayo maombi yake yalipita mezani kwake. Nne, wenye miradi walipe katika mfuko mmoja, na mfuko huo ndio umteue na kumlipa mtaalamu, ili taarifa yake isiwe na mnunuzi. Tano, walinzi wa mahali patakatifu wawe na uwezo wa kusema hapana, na hapana hiyo isimame. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 juu ya haki za wenyeji wa asili, ambalo Australia ililipinga kwanza kisha ikaliunga mkono mwaka 2009, linasema juu ya ridhaa iliyo huru na inayotolewa mapema. Ridhaa isiyoweza kukataliwa si ridhaa.

Tutaambiwa kwamba mawe ya chuma ndiyo yanayoilisha nchi ile. Hatukatai. Lakini chuma kipo katika vilima vingi, na pango lile lilikuwa moja. Wala hatuoni kwamba uchumi wa nchi kubwa kama Australia ungeanguka kwa kuacha tani milioni 8 mahali pake.

Huenda msomaji akauliza, haya yanatuhusu nini sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki? Yanatuhusu. Mchanga wa madini wa Kwale ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024 na kampuni iliyotoka Perth, mji mkuu wa jimbo lile lile tunalolizungumza. Mwaka 2012 mipaka ya pori la Selous, ambalo ni urithi wa dunia, ilirekebishwa ili kupisha mradi wa urani wa Mto Mkuju, mradi ulioanzishwa na kampuni ya Australia. Kampuni hizo hatuzitajii kosa. Tunasema tu kwamba wachimbaji wa kule ndio hao hao wanaobisha hodi huku. Na sisi tuna misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ambayo wazee wake ndio wanaojua ni mti upi haukatwi na ni njia ipi haipitwi na mgeni. Siku ombi litakapoletwa, nani atakayekuwa mezani? Atakuwa ni mtu anayeijua kaya? Na mshahara wake utakuwa unatoka wapi?

Ni heri maswali hayo yaulizwe kabla baruti hazijatiwa shimoni. Watu wa Juukan waliyauliza wakiwa wamechelewa, tena si kwa kosa lao.